Ahadi za Mungu: Stika ya Matatu na Barua Yenyewe

Matatu za Jogoo Road zimejaa Yeremia 29:11, ile ahadi ya Mungu ya amani na tumaini. Juzi nilikaa nyuma ya dereva. Stika ilikuwa imechanika, limebaki "ni mawazo ya amani" na nusu ya jina la Bwana. Kijana aliyekaa kando yangu, bahasha ya kaki ya vyeti mapajani, akaisoma kwa sauti: "Mwaka huu ni wangu."

Dhana ndiyo hiyo, kwamba ahadi ikishatamkwa imefika mlangoni. Ukweli ni kwamba mstari ule umetoka kwenye barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa Wayahudi waliohamishwa Babeli. Mstari wa 10 unataja miaka 70 kabla ya kurudishwa kwao, na wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Yaani wengi wao wangezikwa hukohuko. Sura moja nyuma, nabii Hanania alikuwa ametabiri miaka 2 tu. Huyo, nadhani, hapa Nairobi angejaza uwanja! Yeremia alimwambia wazi kuwa Bwana hakumtuma.

Wengine husema ukiwa na shaka kidogo tu, ahadi imekupita. Haya, tumwangalie Ibrahimu. Alitoka Harani akiwa na miaka 75, Isaka, mwana aliyeahidiwa, akazaliwa yeye akiwa na 100. Katikati hapo kuna Hajiri, mjakazi wa mkewe Sara, na Ishmaeli aliyemzalia Ibrahimu, jaribio la kumsaidia Mungu kazi. Ibrahimu alianguka kifudifudi akacheka. Sara naye akacheka hemani, kisha akakana kwa woga. Mtoto akaitwa Isaka, jina lenyewe ni kicheko. Paulo, katika Warumi 4:21, anasema Ibrahimu alijua hakika kwamba Mungu "aweza" kufanya aliyoahidi. Uwezo unaotajwa pale ni wa Mungu. Wa Ibrahimu, Paulo mwenyewe anasema, ulikuwa mwili uliokwisha kufa.

Na ile ya kupanda mbegu, yaani kumtolea mhubiri pesa, ili ahadi ifunguke? Isaka hakulipiwa. Mama mmoja wa ploti yetu alituma pesa ya kodi kwa M-Pesa baada ya kesha. Mwenye nyumba alipofunga mlango kwa kufuli, ni sisi majirani tuliochanga.

Kijana alishukia City Stadium, akielekea Industrial Area kusimama kwenye mageti akisaka kazi. Nikamwambia asome na mstari wa 10. "Miaka sabini, mathe?" Akacheka, akaibana bahasha kwapani, akavuka barabara.