Fight song ni nini hasa, na kwa nini sio wimbo wa shule

Huku kwetu ukisema "wimbo wa shule" mtu anakumbuka paredi ya asubuhi, mmesimama kwa mistari, kabaridi kanapiga, mwalimu wa zamu anazunguka nyuma na nusu ya darasa wanafumbua mdomo tu sauti haitoki. Sasa Wamarekani vyuoni kwao wana nyimbo mbili, na watu wengi wanazichanganya, hata mimi nilizichanganya muda mrefu tu. Wa kwanza wanauita alma mater, huo ndo ndugu wa ule wetu wa paredi, wa polepole, unasimama wima, unavua kofia, unaimbwa kwenye mahafali na vyuo vingine wanauimba mechi ikiisha. Wa pili ndo fight song, tuseme wimbo wa mapambano, na usidanganyike na jina, hakuna anayepigana, ni wimbo wa uwanjani.

Kazi yake kubwa ni hii: timu yenu ikifunga, bendi inawaka. Yani jamaa akishavuka mstari wa mwisho na mpira mkononi (naongelea futiboli yao ile ya kuvaa helmeti, sio kandanda) refa hajashusha hata mikono matarumbeta yashaanza, na uwanja mzima unajua maneno kwa sababu walifundishwa wiki ya kwanza walivyofika chuo, au walifundishwa na baba zao kabla hata ya kujua kusoma. Ndo maana nyimbo hizi zinafanana sana, ni fupi, kile kipande kinachopigwa mara nyingi hakifiki hata dakika moja, mwendo wa gwaride, kibwagizo ambacho hata mlevi anakishika. Nyingi zina beti za mwanzo kabisa ambazo ukimuuliza shabiki atakuangalia tu, maana muda wa kuimba beti tatu haupo, mpira unaendelea.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni wa chuo kikuu cha Michigan, unaitwa The Victors. Mwaka 1898, mwezi wa kumi na moja, siku yao ya Shukrani, Michigan walienda kucheza na Chuo Kikuu cha Chicago, mechi ya kuamua ubingwa, wakashinda 12 kwa 11. Pointi moja! Kulikuwa na mwanafunzi anasoma muziki, Louis Elbel, alikuwepo pale, na inaonekana kilichomkera ni kwamba wimbo waliokuwa nao haukutosha kwa ushindi wa namna ile, basi akatunga mpya. Mpaka leo mashabiki kila wakifika kwenye lile neno la kusifu, "Hail", wanarusha ngumi juu, na uwanja wao unaingiza zaidi ya watu laki moja, hebu fikiria ngumi laki moja kwa mpigo. Maneno yanawaita mabingwa wa Magharibi, wakati ukiangalia ramani Michigan haiko magharibi popote, ila zamani zile ukishatoka pwani ya mashariki kote huko kulihesabiwa magharibi. Na Chicago waliofungwa siku ile wakaja kuifuta timu yao mwaka 1939, wakairudisha baadaye sana tena kwa kiwango cha chini, ila kipigo chao kinaimbwa kila wiki.

Gerald Ford kabla hajawa rais wa Marekani alicheza futiboli Michigan, na alivyoingia Ikulu mara nyingine alipenda bendi impigie wimbo wa chuo chake badala ya ule rasmi wa kumpokea rais. Alivyofariki, mwisho wa 2006, ukapigwa msibani pia.

Kuhusu maneno mimi nasema wazi, mengi ni ya kawaida tu, songa mbele, pigana, shinda, rangi zetu hizi na hizi, ukibadilisha jina la chuo hakuna atakayejua. Na ndo kinachofanyika. On, Wisconsin! ya mwaka 1909, fight song ya chuo kikuu cha Wisconsin, imeazimwa na shule za sekondari nyingi mno huko Marekani, wanatoa Wisconsin wanaweka jina lao, muziki ule ule. Kichekesho ni kwamba mtunzi, William Purdy, alianza kuutunga kwa ajili ya shindano la wimbo la chuo kikuu cha Minnesota, rafiki yake Carl Beck ndo akamshawishi aupeleke Wisconsin. Minnesota na Wisconsin ni watani wa jadi, Simba na Yanga kabisa. Kwaiyo watu wa Minnesota wanafungwa alafu wanapigiwa wimbo uliokuwa uwe wao. Mwaka 1959 ukafanywa wimbo wa jimbo zima la Wisconsin.

Sasa kama unataka kuona bendi yenyewe ikiwa ndo mechi, nenda kwenye vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi. Kule wakati wa mapumziko hakuna anayeenda kununua soda. Florida A&M wana bendi inaitwa Marching 100, iliyoanzishwa na William P. Foster mwaka 1946, magoti yanapanda mpaka kifuani, wanacheza huku wanapiga, na mwaka 1989 walialikwa Paris kwenye gwaride la Wafaransa la miaka 200 ya mapinduzi yao. Vyuo vingine viwili vya namna hiyo, Southern na Grambling, wakikutana New Orleans kuna watu wanakwenda kwa ajili ya bendi tu, mpira ni kisingizio. Na mechi ikiisha bendi zinabaki zinajibizana, huyu anapiga yule anajibu, wanaita robo ya tano ingawa mpira wenyewe una robo nne. Watu wa pwani mnaojua habari za beni hamtashangaa, kule Lamu, Mombasa, Tanga mpaka Dar enzi za ukoloni vyama vilishindana kwa matarumbeta, sare na gwaride, Marini upande huu Arinoti upande ule, na nyimbo za kumsuta mwenzio. Hawajaiga kwetu wala sisi kwao, ila wote tuliokota kwenye bendi za jeshi.

Nyimbo hizi zina aibu zake pia. The Eyes of Texas, ambao ni wimbo wa chuo kikuu cha Texas (sio fight song yao, wanayo nyingine), uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1903 kwenye yale maonyesho ambayo wazungu walijipaka masizi usoni kuwadhihaki watu weusi. Mwaka 2020 wanamichezo wa chuo waliomba ubadilishwe. Chuo kikagoma. Kikasema tu hakuna anayelazimishwa kuuimba. Kwa hiyo mchezaji mweusi anamaliza mechi, jasho linamtoka, na wimbo ndo huo huo unapigwa.

Swali ambalo nimeulizwa ni kuhusu zile nyimbo za redioni, mfano Wisconsin tangu 1998 wanapigiwa Jump Around kabla ya robo ya nne na watu wanaruka mpaka jukwaa linatikisika, je na zenyewe ni fight song? Hapana, hizo ni mila za uwanjani tu, mwenyewe ni mwingine, chuo kimeazima. West Virginia wana Country Roads, hiyo ya barabara za kwenda nyumbani, timu na mashabiki wanabaki wanaiimba pamoja wakishinda kwao. Wakifungwa haiimbwi, kila mtu anatafuta gari lake.