Virusi Vinavyoua Bakteria: Kwa Nini Vinasaba Vyake Husomwa Kwanza?

Tumesikia kwamba maji ya visima vyetu hapa Lamu yana virusi vinavyoua bakteria. Je, vinaweza kutudhuru?

Virusi hivyo, ambavyo huitwa bakteriofaji, au faji kwa ufupi, hupatikana popote penye bakteria: kisimani, matumboni mwetu, katika mitaro iliyo wazi vichochoroni, na baharini, ambako mililita moja ya maji huweza kuwa na virusi milioni 10 hivi, vingi vyake vikiwa faji. Haviambukizi seli za binadamu. Lakini faji za bakteria wa tumboni zikionekana kwa wingi kisimani, ni dalili kwamba uchafu wa choo umepenya humo, basi asitokee mtu akayanywa maji hayo bila kuyachemsha kwa kudhani kwamba yana dawa.

Ikiwa zinaua bakteria na zaweza kutumiwa kama dawa, ya nini kusoma vinasaba vyake, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani yake?

Kwa sababu si zote zinazoua papo hapo. Zipo faji zinazomwingia bakteria, zikazaana na kumpasua. Na zipo zinazopachika vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya bakteria na kutulia humo, zikirithishwa kila anapogawanyika. Mwaka 1996, watafiti Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu, ile inayomfanya mgonjwa aharishe maji matupu, hubebwa na faji ya aina hii ya pili. Kwa hiyo faji isiyosomwa haifai kuitwa dawa, hata kama imeua bakteria wote waliokuwa kwenye sahani ya maabara.

Kazi yenyewe hufanywaje?

Sampuli, tuseme ya maji ya mtaro, hupitishwa kwenye kichujio chenye matundu ya mikrometa 0.2 hivi, bakteria wakabaki juu na faji zikapita. Maji hayo huchanganywa na bakteria na kumwagwa kwenye sahani ya chakula chao. Kesho yake bakteria huwa wametanda kama ukungu, isipokuwa pale faji ilipoua, ambapo hubaki doa angavu. Faji ya doa moja huchukuliwa na kuzidishwa.

Hatua inayofuata ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Kabla ya kuvunja ganda la protini la faji, hutiwa kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, kinachokatakata vinasaba vya bakteria waliopasuka, kwa kuwa vya faji bado vimehifadhiwa ndani ya ganda. Kimeng'enya hicho huzimwa, ndipo ganda likavunjwa. Anayeiruka hatua hii atasoma bakteria akidhani amesoma faji.

Mashine nyingi husoma vipande vifupi, na kompyuta ikaviunga, mithili ya mtu aliyepewa nakala nyingi za utenzi mmoja zilizochanwa ovyo, naye akawa anatafuta mishororo inayojirudia mwishoni mwa kipande kimoja na mwanzoni mwa kingine. Udogo wa faji husaidia: faji iitwayo phi X174, ambayo mwanasayansi Frederick Sanger na wenzake huko Cambridge, Uingereza, waliichapisha mwaka 1977, ina herufi za vinasaba 5,386 tu, ilhali binadamu ana takriban bilioni 3.

Wachambuzi hutafuta nini humo?

Hutafuta jeni ya kujipachika, jeni za sumu, na jeni za usugu dhidi ya antibiotiki. Ikipatikana mojawapo, kwa kawaida faji hiyo huachwa. Hata hivyo, jeni nyingi za faji bado hazijulikani kazi yake, hivyo majaribio ya maabara hayaepukiki.

Je, mgonjwa aombe faji badala ya antibiotiki?

La. Mwaka 2016 huko San Diego, Marekani, mgonjwa Tom Patterson alitibiwa kwa faji baada ya antibiotiki kushindwa, lakini kwa kibali maalumu na chini ya uangalizi wa madaktari. Mwenye kuharisha sana apewe mara moja maji ya ORS, awahishwe hospitalini, wala asimeze vidonge vilivyobaki vya jirani.