Kero ya Aprili, bajeti ya Oktoba

Mvua za Machi na Aprili zikishakolea hapa Mbeya, simu za watendaji wa mitaa hazitulii. Huyu barabara yake imekatika, yule bajaji inamshusha mbali na nyumbani, mwingine maji yamemwingilia hadi jikoni na gunia la mahindi limelowa. Kila mmoja anataka jibu siku hiyo hiyo, na akilikosa anaondoka na kauli moja: Serikali imetusahau. Kama afisa maendeleo ya jamii nimeizoea kauli hiyo, na sisemi kwamba haina ukweli wowote. Ila mara nyingi kinachoikwamisha kero ni tarehe iliyopelekwa.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini fedha zake hazipangwi Julai. Kazi huanza miezi mingi nyuma. Kati ya Oktoba na Desemba mitaa huibua miradi yake kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata inaichambua na kuipanga kwa vipaumbele. Mwanzoni mwa mwaka mpya baraza la madiwani linapitisha makisio ya halmashauri, na ikifika Aprili Bunge limeshakaa Dodoma kujadili bajeti ya nchi nzima.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kero iliyofikishwa Aprili 2026 inakuta bajeti ya 2026/27 imeshafungwa. Itasubiri uibuaji wa miradi wa Oktoba 2026, iingie kwenye bajeti ya 2027/28, na fedha hizo haziwezi kuanza kutoka kabla ya Julai 2027. Hiyo ni miezi 15, na katikati yake umeshapita msimu mwingine mzima wa mvua. Kero hiyo hiyo ingefika mezani Novemba 2025, ingekuwa inagombea fedha za Julai 2026. Yupo atakayesema kuna fungu la dharura. Lipo, lakini hilo hukimbilia kwenye daraja lililosombwa au barabara iliyokatika pande mbili. Mtaro wa mita mia uliojaa mchanga hauwezi kushindana na daraja.

Shida ni kwamba Oktoba hakuna anayeukumbuka mtaro. Jua linawaka, vumbi limetanda, watu wako mashambani wanaandaa msimu, na mkutano wa mtaa ukiitishwa wanakuja wazee na akina mama wachache. Wapangaji ndio hawaonekani kabisa, wakidhani mkutano ni wa wenye nyumba. Mkazi yeyote wa mtaa aliyefikisha miaka 18 ana nafasi yake kwenye mkutano mkuu wa mtaa, awe na hati ya kiwanja au awe amepanga chumba kimoja cha uani. Na anayeteswa na matope akitoka na mtoto asubuhi kwenda shule mara nyingi ndiye huyo mpangaji. Kwa hiyo nawaambia watu wa mitaani kwetu: piga picha Aprili, ipeleke Oktoba.

Jambo la pili linalokula muda ni kubisha hodi mlango usio wake. Barabara kuu iendayo Tunduma, hii inayopanuliwa kuwa ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, pamoja na mitaro yake. Barabara nyingi za ndani, zile zinazokatiza mitaani Isyesye, Iwambi au Itezi, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Kabla ya hapo barabara hizo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na wengi bado wanaishi na picha ile ya zamani. Wanambana diwani kana kwamba ana greda limeegeshwa nyumbani kwake. Diwani anaweza kusemea barabara, na ni wajibu wake kuisemea, lakini mkataba wa mkandarasi unasainiwa kwingine. Hata hivyo usijione mwombaji ukienda TARURA. Tangu Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 100 iliyoongezwa kwa ajili ya barabara hizo, na nauli yako ya bajaji imo humo ndani.

Bomba lililopasuka ni la mamlaka ya maji. Mto na kingo zake vinaihusu Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, pamoja na wenzetu wa mazingira wa halmashauri. Taka, masoko, vibali vya ujenzi, zahanati na majengo ya shule za msingi na sekondari za Serikali ni vya halmashauri.

Na balozi wa nyumba kumi? Huyu ni kiongozi wa chama. Enzi za chama kimoja, kabla ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, alikuwa mlango wa kwanza wa kila jambo, na mazoea hayo hayajatutoka, hasa kwa wazee wetu. Kumweleza shida yako si vibaya, ni jirani na huenda anakujua tangu utoto. Ila hana daftari la Serikali la kuandika kero yako ikapanda ngazi. Wenye daftari ni wawili: mwenyekiti wa mtaa, ambaye mlimchagua Novemba 2024, na mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Mwenyekiti anaongoza mkutano, mtendaji anaandika na kutunza kumbukumbu.

Hapo kwenye kuandika nitakaa kidogo, maana ndipo kero nyingi zinapofia. Mkutano unaweza kuwa wa moto, watu wakasimama, wakapiga makofi, wakatoa machozi. Kinachopanda kwenda kata ni muhtasari. Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya diwani, inakaa na wenyeviti wa mitaa yote ya kata hiyo, na kila mmoja ana karatasi yake. Fikiria mtaa ulioandika hivi: "Wananchi waliomba barabara zitengenezwe." Kila mtaa duniani unaomba hivyo. Halafu mtaa wa pili umeandika kwamba mtaro wa kushoto wa barabara ya shule, kuanzia kalavati la kanisani hadi njia panda ya mashine ya kusaga, kama hatua 140, umejaa mchanga, kwamba maji huruka barabara na kuingia kwenye nyumba 11, kwamba wakazi wako tayari kuchimba sehemu ya chini na wanaomba kalavati libadilishwe, picha za Aprili zimeambatanishwa. Ukiwa mchumi wa halmashauri mwenye fedha kidogo na maombi chungu nzima, utaanza na karatasi ipi?

Kabla mkutano haujafungwa, omba muhtasari wa hoja yako usomwe kwa sauti. Hakuna mtendaji anayeweza kukukatalia hilo, na ndiyo njia rahisi ya kujua kama "mtaro wa kushoto" haukugeuka kuwa "barabara". Mkutano huo huo ndio mahali pa kusomewa mapato na matumizi ya mtaa. Michango ya mlinzi, ya darasa, ya kifusi, yote isomwe, na fedha yoyote uliyotoa uwe na stakabadhi yake. Mtaa unaosomewa hesabu vizuri huchangia bila kusukumwa. Hilo nimeliona mara nyingi kuliko mafundisho yoyote ya semina.

Twende kwenye mtaro wenyewe. Mkiamua siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, mkaingia na makoleo, mtakuta mambo yaleyale: mchanga na kokoto za nyumba inayojengwa mlimani juu yenu, maganda ya miwa, magunzi, nguo kuukuu, chupa za maji na vifuko vya plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini vifungashio vyepesi bado vinazagaa. Hayo yanatoka kwa koleo. Kinachosumbua zaidi ni vivuko vya kuingilia getini. Mtu amejenga vizuri, amenunua gari, anataka kivuko. Fundi anamtupia bomba dogo la plastiki chini, anamwaga zege juu, kazi imeisha. Mtaro ulikuwa na upana wa hatua moja, sasa maji yote yanatakiwa kupita kwenye tundu la kuingiza mkono. Mvua ya kwanza inaleta gunzi moja, linakaa mlangoni mwa bomba, nyuma yake kinajipanga kiroba, nyuma ya kiroba mchanga. Maji yanapanda barabarani, yanachimba katikati, na ikifika Mei mnamlalamikia mkandarasi aliyepitisha greda mwaka jana.

Kivuko cha getini kinatakiwa kiache mtaro na upana na kina chake. Zege zinazonyanyuka, yaani zile bamba zinazowekwa bila kuunganishwa na ukuta, ni nzuri zaidi kwa sababu siku ya usafi mnazitoa na kuzirudisha. Kabla ya kujenga, waulize TARURA, kwa sababu mtaro uko ndani ya hifadhi ya barabara na wanaweza kukuamuru ubomoe kwa gharama zako. Na katika msaragambo, tafadhali, matope yasirundikwe ukingoni mwa mtaro. Najua koleo linachosha na ukingo uko karibu, lakini mvua ya jioni hiyo hiyo itayarudisha ndani. Yapelekwe mbali, au yajaze shimo la mtu anayehitaji kifusi. Mjini hapa hakosekani.

Mji huu umejengwa miguuni pa milima, na maji ya juu hayaulizi mpaka wa kata. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetere likafunika nyumba na shule huko Itezi. Tangu hapo watu wanaelewa haraka zaidi tunapozungumzia kukata miti na kulima kwenye miteremko. Mtaa wa chini unaweza kuchimba mitaro yake yote ikang'aa, lakini kama wa juu wamefyeka na kuchimba mchanga, kazi ni bure. Kwa hiyo baadhi ya kero hazimalizwi na mtaa mmoja. Zipelekwe kwenye kata, na zikivuka kata, madiwani wawili wakae pamoja. Kwenye kingo za mito sheria iko wazi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Ukiuziwa kiwanja kizuri, cha bei rahisi, chenye udongo mweusi na mto unaolia nyuma yake, pima kwanza hizo mita 60 kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi.

Kuhusu taka nitasema machache. Wengi wanaamini wanalipia taka kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Makato yale ni kodi ya majengo, ambayo ilianza kukatwa kwenye umeme mwaka 2021 na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ada ya taka ni nyingine, inatokana na sheria ndogo ya halmashauri, na ndiyo inayolipa gari au kikundi kinachopita mlangoni kwako. Kikundi kisipopita kwa wiki mbili, andika tarehe hizo mbili na uzipeleke kwa mtendaji; usigome kulipa kimyakimya halafu ukamwaga kiroba korongoni usiku. Sehemu kubwa ya taka za nyumbani kwetu ni maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga na majivu, vitu ambavyo bustani ingevipokea kwa furaha, na kiroba kingepungua uzito nusu nzima. Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kwa kikundi waulize ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: je, mtendaji au mwenyekiti asipoitisha mkutano? Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, kwa hiyo mkutano si hisani ya mtu. Anza na barua fupi ya wakazi kwenda kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa na uondoke nayo. Watu wengi husahau huo mhuri, na baada ya miezi mitatu barua yao inakuwa haijawahi kuwepo. Ikipita muda bila jibu, panda na nakala hiyo hadi kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, ambako kuna dawati la malalamiko.

Tangazo la mkutano wa kuibua miradi hubandikwa ofisi ya mtaa na mara nyingine hupita na kipaza sauti. Novemba ikiingia na hujaliona wala kulisikia, nenda ofisini ukaulize tarehe, na ukiondoka umwambie na mpangaji wako.