Si kila "kama" ni tashbihi

Anayefundishwa kwamba tashbihi, yaani usemi wa kufananisha, ni sentensi yenye neno "kama" huanza kupotea hapo hapo. Tazama hizi nne: "Kama utakuja, nipigie simu." "Walifika watu kama mia." "Asha ni mrefu kama Neema." "Asha ni mrefu kama mnazi." Ya kwanza ni sharti, ya pili ni makadirio. Ya tatu ni ulinganisho wa kawaida, kwa kuwa wote wawili ni watu na ukiwasimamisha ukutani utaona wanalingana. Ya nne peke yake ndiyo tashbihi: mtu na mti ni vitu vya jinsi mbili, vimekutanishwa na sifa moja. Tafuta hiyo tofauti ya jinsi kwanza, maana hata kiunganishi si lazima kiwe "kama". Kuna "mithili ya", "mfano wa" na "utadhani".

Ukiondoa kiunganishi, kitu kimoja kikaitwa kingine moja kwa moja, unapata sitiari. Jina hili limetokana na istiara ya Kiarabu, yaani kuazima, na ni jina lililosadifu. Katika "Mama ndiye nguzo ya nyumba hii", anayesemwa ni mama, kilichoazimwa ni nguzo, na sifa inayowaunganisha ni kubeba uzito ambao wengine wanaukalia bila kuuona. Wengi hujibu "mama amefananishwa na nguzo" wakaishia hapo. Wameacha jambo la tatu, nalo ndilo lenye maana yote. Tena sifa hiyo huamuliwa na muktadha: "simba" katika kumsifu askari ni ushujaa, lakini kwa watoto wanaojificha baba akirudi, ni ukali.

Sarufi yetu nayo hufichua. Msibani mtu akisema "Nguzo yetu imeanguka", kitenzi kinafuata nguzo ingawa habari ni ya mtu. Hadithini mambo hugeuka: "Jua akamwambia Upepo" ni tashihisi, na kile kiambishi "a" kimelipatia jua nafasi ya mtu.

Nahau ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu nyingi zilianza kama sitiari kisha maneno yake yakagandana. Lijaribu fungu la maneno kwa njia mbili. Kwanza, badilisha neno moja kwa jingine la maana jirani: "kata roho" haiwi "chana roho". Pili, jaribu wingi. Tunasema "Wabunge wote waliunga mkono hoja", hata wakiwa mia tatu. Ukisema "waliunga mikono", msikilizaji ataanza kuwaza viungo vya mwili. Fungu likikataa majaribio yote mawili, ni nahau. Likikataa moja tu, sikiliza muktadha, hasa pale ambapo maana ya wazi nayo inawezekana: "Juma amepata jiko" inaweza kuwa ameoa, na inaweza kuwa amenunua la mkaa.

Kuna pia picha zilizochakaa hata hazionekani tena: mguu wa meza, meno ya msumeno, mdomo wa chupa. Hizi ni majina ya vitu tu, usizihesabu kama ufundi wa mwandishi. "Unyonyaji" lilipita njia hiyo hiyo. Kunyonya ni kazi ya mtoto au ya kupe. Lakini kufikia Azimio la Arusha la 1967 neno hili lilikuwa tayari msamiati wa siasa, na leo anayelitumia hahitaji kumfikiria kupe. Mwandishi akitaka picha ile iamke, itambidi amtaje kupe mwenyewe, mirija yake na damu.

Majina ya tamathali hizi, yaani semi za picha, yatatofautiana. Vitabu vingi vya Tanzania huandika tashibiha, na kutia chumvi huita mubaalagha. Vya Kenya hupenda tashbihi na chuku, pamoja na jazanda kwa picha ya kisitiari. Kwenye mtihani tumia jina la silabasi yako, kisha eleza kazi ya tamathali katika sentensi uliyopewa, kwa maneno ya sentensi hiyo hiyo.