Japani peke yako wakati wa theluji na tufani: chagua reli kabla ya mji

Watu wanaotaka kuizuru Japani peke yao huniuliza swali moja kuliko mengine yote: ni mwezi gani hauna mvua? Naishi Kanazawa, mji ulio upande wa Bahari ya Japani, kazi yangu ni kupanga safari za treni, na jibu langu huwa lile lile. Acha kuutafuta mwezi huo. Tazama utakuwa upande gani wa milima, na treni yako inapita wapi. Hali mbaya ya hewa ni nadra kukuharibia mji wa Kijapani ukishafika. Inachoharibu ni njia ya kuingia na kutoka.

Kwanza milima. Imekipasua kisiwa kikuu, Honshu, kwa urefu wake wote. Kati ya Desemba na Februari upepo baridi na mkavu hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani ambayo maji yake hupashwa moto na mkondo wa Tsushima, hunyonya mvuke njiani, kisha hugonga milima ile na kumwaga kila ulichobeba. Ni ndugu wa kaskazi yetu ya pwani, kwa kuwa pepo zote mbili huzaliwa bara la Asia linapopoa. Ndiyo maana Tokyo mwezi wa Januari ina jua na hewa kavu inayopasua midomo, ilhali ukipanda shinkansen (treni ya mwendo kasi) ya Joetsu, ukapita handaki la Daishimizu lenye kilomita 22, unaibukia Echigo-Yuzawa penye theluji inayoweza kumfunika mtu mzima. Safari hiyo haizidi sana saa moja na robo.

Wageni wengi huukwepa upande huo. Mimi huwapeleka huko huko, kwa sababu ndiko iliko miji iliyojengwa na watu waliojua kwamba hali mbaya itakuja kila mwaka. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Takada, katika jiji la Joetsu. Tarehe 26 Februari 1945 theluji iliyolala pale ilipimwa sentimita 377. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuizoea balaa hiyo tangu enzi za makabaila: kila mwenye nyumba alirefusha paa lake mpaka barabarani, jirani akafanya vivyo hivyo, na mapaa yale yakaungana kuwa baraza moja ndefu linaloitwa gangi. Bado zimebaki kama kilomita 16. Ardhi iliyo chini yake ni mali ya wenye nyumba, si ya serikali, na wamewaachia wapita njia bure, kizazi baada ya kizazi. Unaiona kwa miguu yako: sakafu inapanda na kushuka kidogo kila unapovuka mpaka wa nyumba, na nguzo hazifanani. Sijui ukarimu mwingine unaoweza kutembelewa hivyo, ukiwa mkavu, huku mtaa mzima umezama. Shuka Joetsumyoko kwenye shinkansen ya Hokuriku, kisha panda treni ya kawaida; Takada ni kituo cha pili. Treni za huko milango haifunguki yenyewe wakati wa baridi. Bonyeza kitufe kilicho pembeni ya mlango, na ukishaingia bonyeza cha kufunga, maana waliokaa ndani wanaitunza joto yao.

Nagaoka wana ujanja mwingine. Katikati ya barabara wamezika mabomba yanayorusha maji ya chini ya ardhi, ambayo hayana baridi kali kama hewa, nayo huyeyusha theluji kabla haijagandamana. Ule wekundu wa kutu unaouona kwenye lami ni madini ya chuma yaliyomo ndani ya maji hayo. Vaa mabuti ya mpira yasiyopitisha maji. Viatu vya ngozi vitalowa ndani ya dakika chache.

Hapa nitasema kwa msisitizo, kwa sababu anayetembea peke yake hana wa kumvuta. Theluji inayoanguka kutoka mawinguni haiui watu kama ile inayoporomoka kutoka mapaani, hasa siku jua linapochomoza baada ya baridi kali. Usipite chini ya ukingo wa paa usio na baraza, wala usisimame hapo kupiga picha ya vijiti vya barafu. Pia kando ya barabara kuna mifereji ambayo wakazi hufunua vifuniko vyake ili watupe theluji ndani, na maji hupita humo kwa kasi. Usiku huioni. Desemba jua la Kanazawa huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo panga kutembea asubuhi.

Kwa mvua za kawaida sina wasiwasi. Kanazawa wana msemo kwamba hata ukisahau chakula chako cha mchana, usisahau mwavuli, na lile kuba kubwa la vioo mbele ya stesheni, lililokamilika 2005, lilibuniwa kama mwavuli anaofunguliwa mgeni. Bustani ya Kenrokuen hupendeza zaidi ikiwa imelowa. Kuanzia tarehe 1 Novemba watunzaji huanza kuifunga misonobari kwa kamba kutoka juu ya mlingoti, ili theluji nzito ya huku isiyavunje matawi. Matsue nako, mashua za mfereji unaozunguka ngome zina paa, na majira ya baridi wanaweka ndani meza yenye blanketi na kipasha joto. Unakaa miguu ikiwa motoni, mvua inapiga juu.

Tatizo, nasema tena, ni reli. Tarehe 28 Desemba 1986 upepo uliipeperusha treni tupu kutoka daraja la Amarube, mkoani Hyogo, ikaangukia kiwanda cha kusindika kaa. Watu sita walikufa. Daraja jipya la zege lenye kuta za kukinga upepo lilifunguliwa 2010. Ukiona treni imesimamishwa kwa upepo ambao kwako ni wa kawaida, kumbuka kwamba kanuni hizo zimeandikwa kwa vifo. Mvua vilevile: vipimo kando ya reli vikifika kiwango kilichowekwa, treni husimama, na mvua ikikatika haziondoki papo hapo, kwani mafundi lazima waikague njia kwanza. Katika mabonde membamba ukaguzi huo unaweza kula nusu ya siku yako. Reli ya Tadami, mkoani Fukushima, ilikatwa na mafuriko ya Julai 2011, na sehemu ile ikafunguliwa tena Oktoba 2022.

Kwa hiyo nikimpangia mtu aliye peke yake, namlaza kwenye mji wenye njia mbili za kutokea. Kanazawa ni hivyo: mashariki kupitia Nagano hadi Tokyo, kusini hadi Tsuruga na kuendelea Osaka. Upepo wa milima ya Hira ukiifunga reli ya magharibi mwa Ziwa Biwa, jambo la kawaida sana, bado unaweza kuzunguka kwa Maibara. Mji ulio mwisho wa reli moja bondeni nauweka katikati ya safari, kamwe si usiku wa kuamkia siku ya ndege.

Tufani huja na taarifa, hasa Agosti hadi Oktoba. Makampuni ya reli hutangaza mapema, mara nyingi siku moja kabla, kwamba yatasimamisha treni. Oktoba 2019, tufani Hagibis ilipokaribia, shinkansen kati ya Tokyo na Nagoya hazikutembea kutwa nzima, na kule Nagano mto Chikuma ulipobomoa kingo zake, treni kumi za shinkansen zilizama kwenye karakana yao. Tangazo likitoka, usishindane nalo. Ongeza usiku mmoja hotelini mara moja, kabla wengine hawajavijaza vyumba. Aliye peke yake huamua hilo bila kikao. Weka simuni programu ya Safety tips, inayotoa tahadhari za maafa. Tahadhari zina ngazi tano, na ya nne, ya rangi ya zambarau, maana yake kila aliye eneo la hatari ahame. Usiisubiri ya tano.

Ukichelewa kufika ryokan, yaani nyumba ya wageni ya Kijapani, wapigie simu. Chakula cha jioni hupikwa kwa ajili yako, mara nyingi cha saa kumi na mbili, na mgeni mmoja asiyeonekana kwenye theluji huwatia hofu ya kweli.

Na fedha: treni ikifutwa, peleka tiketi dirishani urudishiwe bila kukatwa ada. Treni ya haraka ikichelewa kufika kwa saa mbili au zaidi, nyongeza yote ya mwendo kasi hurudishwa. Wenye pasi ya JR, ile tiketi moja ya watalii ya kupandia treni kwa siku kadhaa, hawarudishiwi kitu kwa kuchelewa, basi majira ya tufani piga hesabu za tiketi za kawaida kwanza, kabla hujailipia.