Hitilafu ndogo ya ndege: nani anaamua kuwa ni ndogo?

Abiria wengi wa Mwanza wamewahi kusikia tangazo hili: safari imechelewa kutokana na hitilafu ndogo ya kiufundi. Watu huguna. Mmoja huuliza, "Kama ni ndogo, si tuondoke tu?" Kwangu mimi, mkaguzi wa usalama wa ndege, hilo ni swali la haki.

Kabla ya kila safari ndege hukaguliwa kwa kuzungukwa kwa miguu. Alfajiri, upepo ukivuma kutoka ziwani, utamwona rubani na tochi yake. Anainama kutazama kama tairi limechanika, anachungulia chini ya injini kama kuna mafuta yanayodondoka. Karibu na pua ya ndege kuna vijirija vinavyotazama mbele, vinaitwa mirija ya pito. Hewa inayoingia humo ndiyo inayomwonyesha rubani kasi ya ndege. Tundu lenyewe ni dogo mno, na nyigu hupenda kujenga kwenye matundu ya namna hiyo ndege ikilala bila vifuniko. Hapo naomba rubani asipite haraka.

Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, baada ya kuegeshwa siku kadhaa. Kapteni aligundua kwamba kipima kasi chake hakifanyi kazi wakati ndege ingali inakimbia ardhini. Akaendelea kuruka. Watu wote 189 walikufa. Wachunguzi walihitimisha kwamba mrija wa pito ulikuwa umeziba, na walioshukiwa zaidi ni nyigu.

Ndiyo maana ukubwa wa hitilafu haupimwi kwa macho. Kuna orodha maalumu, iliyoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, inayoeleza kifaa gani kinaweza kuwa kibovu na ndege bado ikaruka, kwa masharti gani, na kwa muda gani. Vingine hupewa siku 3, vingine 10, vingine 120, bila kuhesabu siku ya kugundua. Kifaa cha usalama ambacho hakimo kwenye orodha hiyo lazima kiwe kizima.

Masharti hayo ndiyo yenye uzito. Chukua rada ya hali ya hewa. Ikiharibika Julai, anga likiwa jeupe, ndege inaweza kuruhusiwa kwenda Dar es Salaam mchana. Rada hiyohiyo ikiharibika wakati wa masika, na safari ni ya alfajiri kuvuka ziwa kwenda Bukoba, hali ni nyingine kabisa. Wavuvi wetu wanajua: radi za ziwani hupenda usiku wa manane hadi kunakucha. Hakuna rubani wa kuingia kwenye mawingu hayo bila rada. Tena hitilafu mbili, kila moja ikiwa imeruhusiwa peke yake, zinaweza kukataliwa zikikutana. Na hata orodha ikiruhusu, kapteni ana haki ya kusema hapana, na hapaswi kusukumwa.

Kuna jambo linaloniumiza katika kazi hii. Unafungua kitabu cha ufundi cha ndege, unakuta hitilafu karibu zote zimeandikwa mwisho wa siku, ndege ikiwa imeshafika kwa mafundi wake. Maana yake kuna rubani aliyeiona mapema, akaibeba kichwani vituo viwili vitatu ili asikwame mbali na nyumbani. Rubani wa zamu inayofuata hakujua, fundi hakujua, abiria ndiyo kabisa. Hitilafu iandikwe pale ilipoonekana, hata kama ni taa moja iliyoungua. Ikishaandikwa, fundi mwenye leseni ataitengeneza au ataiahirisha kwa kufuata orodha, kisha ataweka sahihi yake.

Nasi wakaguzi tukiona kasoro wakati wa ukaguzi wa kushtukiza, rubani makini hajitetei. Anakuja kuitazama, anafungua kitabu, anamwita fundi.

Nawe abiria, ukikuta kiti kimewekewa alama kwamba hakitumiki, usikae hapo hata kama kiko dirishani. Huenda mkanda wake haufungi. Na mkanda wako mwenyewe ukigoma kujifunga, mwambie mhudumu kabla ndege haijaanza kutembea.