Chaja Ukutani, Maji Moto Bafuni: Tunayoyakosea Katika Kutunza Mazingira

Mtu mwenye nia njema na mazingira huanza na kile anachokiona: chupa mtaroni, mfuko ulionasa kwenye matawi, taa inayowaka katika chumba kisicho na mtu. Hakuna ubaya. Tabu ni kwamba gesi zinazoipasha dunia joto hazina rangi, kwa hiyo yaliyo mazito hutupita huku yaliyo mepesi yakitukodolea macho.

Mwaka 2017 watafiti wawili, Seth Wynes na Kimberly Nicholas, walijaribu kuyapima. Waligundua kuwa kwa mkazi wa nchi tajiri, kuishi bila gari kunaepusha wastani wa tani 2.4 za hewa ukaa kwa mwaka. Kurejeleza taka zote za nyumbani kunaepusha tani 0.2 hivi, na kubadilisha balbu, tani 0.1. Kisha wakapekua vitabu vya sayansi vya sekondari nchini Canada, wakakuta wanafunzi wanahimizwa zaidi yale madogo. (Asiye na gari, bila shaka, ameshaziepusha tani zake bila kuhubiriwa na mtu.)

"Chomoa chaja kila usiku, utaokoa umeme"

Hii naianza kwa sababu nimeisikia tangu nipate simu ya kwanza. Chaja ya simu iliyobaki ukutani bila simu hula chini ya nusu wati. Tuifanye nusu wati kamili, tuiache hapo mwaka mzima: itamaliza uniti 4.4 za umeme. Sasa chukua hita ya kuogea ya wati 5,000, ile inayopasha maji papo hapo. Inazila uniti hizo kwa dakika 53. Anayeoga dakika kumi kila siku anaumaliza umeme wa chaja wa mwaka mzima kabla wiki haijaisha.

Mwanafizikia David MacKay wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipiga hesabu ya namna hii mwaka 2008, akaonyesha kwamba umeme unaookolewa kwa kuchomoa chaja siku nzima ni sawa na nishati ya gari likitembea kwa sekunde moja. Chomoa ukipenda, na kwa chaja mbovu inayopata moto nakusihi uichomoe, lakini usijihesabie thawabu.

Kinachokula umeme nyumbani ni kile kinachopasha joto au kinachobaridisha. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi kunadai jouli 4,200 hivi za nishati, iwe ni kwenye birika, hita au mashine ya kufulia. Ndiyo maana kufua kwa maji ya baridi, kuoga kwa muda mfupi, au kuweka mtambo wa kupasha maji kwa jua juu ya paa kunaonekana kwenye bili, ilhali chaja haionekani kamwe. Feni ya kawaida ni kama wati 50, na kiyoyozi cha chumba kimoja ni kama wati 1,000. Pasi, oveni na friji kuukuu ambayo mpira wa mlango umelegea nazo zimo kwenye kundi hilo hilo.

Balbu za LED zinatumia karibu robo ya umeme wa balbu za zamani zenye uzi ndani. Ziweke, kisha uendelee na mambo mengine.

"Ikiwa na alama ya mishale mitatu, itarejelezwa"

Ile pembetatu ya mishale yenye namba katikati haisemi kwamba chombo kitarejelezwa. Ilianzishwa mwaka 1988 na chama cha watengenezaji plastiki cha Marekani ili kutambulisha aina ya plastiki. Namba 1 ni PET, ya chupa za maji. 2 ni plastiki nzito ya madumu na chupa za sabuni. 6 ni polistirini, ya vikombe na vyombo vyepesi vya povu. Hizi mbili za kwanza mara nyingi hupata mnunuzi. Polistirini kwa kawaida haipati.

Utafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba hadi 2015 binadamu alikuwa ametengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki. Kati ya tani bilioni 6.3 zilizogeuka taka, asilimia 9 tu zilirejelezwa. Asilimia 12 zilichomwa, na zilizosalia ziko kwenye madampo au zimezagaa ardhini na majini. Plastiki ikiyeyushwa hupungua ubora, ndiyo maana chupa mara nyingi huishia kuwa kitambaa au kapeti badala ya kurudi kuwa chupa.

Alumini ni habari nyingine kabisa. Kuyeyusha kopo kuukuu kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kupata alumini mpya kutoka kwenye mawe ya boksiti. Kama una subira ya kutenga taka ya aina moja tu, tenga makopo. Na chupa ya kioo inayorudi kiwandani, ikaoshwa na kujazwa tena, inaishinda ile inayopondwa na kuyeyushwa upya, kwa kuwa kuyeyusha kioo kunataka moto mkali sana.

"Mfuko wa kitambaa ni safi, wa plastiki ni najisi"

Inategemea unapima nini. Wakala wa mazingira wa Denmark ulichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa mifuko ya kubebea bidhaa. Kwa upande wa tabianchi peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida unapaswa kutumiwa mara 52 ndipo ulingane na ule mwepesi wa plastiki. Ukijumlisha athari nyingine zote walizopima, yakiwemo maji na tabaka la ozoni, idadi inafika mara 7,100, na kwa pamba inayolimwa bila kemikali, mara 20,000. Zao la pamba linahitaji maji na ardhi nyingi.

Wapenzi wa plastiki waliinukuu ripoti hiyo kwa shangwe. Walisahau kuongeza kwamba haikuhesabu mifuko inayozagaa mitaroni na baharini. Kwa kasa anayemeza mfuko akidhani ni kiwavi wa baharini, kitambaa kinashinda tangu siku ya kwanza. Zote mbili ni kweli, na jibu lake kwa mnunuzi ni lile lile: tumia mfuko ulio nao mpaka uchanike, wa aina yoyote, na usiongeze mwingine. Mimi nina kumi na moja ya kitambaa, mingi nilipewa kwenye semina. Nikienda sokoni mara moja kwa wiki, nitahitaji miaka kumi na moja kuilipia kwa upande wa tabianchi pekee. Ule wa kumi na mbili nimeukataa juzi.

Vipi ile iliyoandikwa kwamba inaoza? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth waliizika aina kadhaa ardhini, nyingine wakaiacha baharini, kwa miaka mitatu. Walipoifukua na kuitoa majini, mmoja kati ya ile iliyouzwa kama inayooza bado ulikuwa na nguvu ya kubeba bidhaa.

"Taka ikichomwa imekwisha"

Imekwisha machoni. Plastiki inayochomwa uani haipati joto la kutosha kuungua vizuri, hivyo hutoa masizi na sumu za jamii ya dioksini, ambazo hukaa muda mrefu kwenye udongo na kwenye mafuta ya miili ya wanyama. Masizi yenyewe hunyonya joto la jua. Wa kwanza kuyavuta ni aliyeshika fimbo ya kuchochea moto.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba taka ya asili haina neno popote itakapotupwa. Maganda na makombo yakifukiwa chini ya rundo la dampo hukosa hewa, na vijidudu wanaoozesha bila oksijeni hutoa methani. Katika kipindi cha miaka 20, kilo moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 80 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Maganda yale yale yakiwekwa kwenye lundo la mboji, yakachanganywa na majani makavu na kugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipite, hutoa methani kidogo sana. Lundo la mboji linalonuka kama yai viza linaomba hewa.

"Chakula kilichotoka mbali ndicho kinachochafua"

Dhana hii ina mantiki nzuri, na kwa sehemu kubwa si sahihi. Joseph Poore na Thomas Nemecek walikusanya mwaka 2018 takwimu za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119. Usafiri ulionekana kuwa sehemu ndogo ya gesijoto za chakula, karibu asilimia 6. Zinazobaki nyingi hutoka shambani kwenyewe: misitu iliyofyekwa, mbolea, samadi, na methani inayotoka tumboni mwa ng'ombe anapocheua. Kwa nyama ya ng'ombe, safari haifiki hata asilimia moja ya gesi zake. Kinachovuka bahari kwa meli hugawana mafuta na maelfu ya tani nyingine. Kinachosafiri kwa ndege ndicho cha kuogopa, nacho ni kile kinachoharibika upesi na kuuzwa kikiwa kibichi.

Kwa hiyo swali la kwanza mezani ni chakula gani, kabla ya kuuliza kimetoka wapi. Kupunguza nyama ya ng'ombe na ya kondoo, hata bila kuiacha, kuna uzito kuliko kusoma vibandiko vya nchi kilikotoka.

Swali la pili ni kiasi gani kinaishia kwenye pipa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, mahotelini na majumbani. Watu wengi wakisikia hivyo huzifikiria hoteli. Asilimia 60 ilitoka majumbani. Sehemu nyingine ya upotevu huu husababishwa na tarehe kwenye paketi: "bora kabla ya" ni ahadi ya ladha na muonekano tu, na chakula kinaweza kuwa kizima baada yake, "tumia kabla ya" ndiyo inayohusu usalama. Weka mabaki mbele kwenye friji, mahali mkono unapofika kwanza. Kilichosukumwa nyuma hukumbukwa kikiwa na ukungu.

"Gesi ya kupikia inatokana na petroli, basi kuni na mkaa ni vya kijani zaidi"

Kuni ni nishati inayojirudia pale tu mti mwingine unapokua kwa kasi ile ile ya shoka. Kwa mkaa mambo ni mabaya zaidi, maana hasara huanza msituni. Tanuri la kienyeji la udongo linahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na nishati nyingi hupotea kwa moshi wenye methani na kaboni monoksidi kabla gunia halijafungwa. Gesi ya mtungi inatoka kweli kwenye mafuta ya kisukuku, lakini huungua karibu yote na haiachi masizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nyumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Asiyeweza kuacha mkaa leo bado ana la kufanya. Jiko banifu, kifuniko juu ya sufuria, kunde zilizolowekwa usiku kucha: yote haya hupunguza mkaa siku hiyo hiyo.

"Nimepanda mti, deni langu limelipwa"

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Wapo wanaobisha, kwamba lita yenyewe haifiki kilo moja, itatoaje mbili? Kaboni ya petroli huungana na oksijeni ya hewani, na oksijeni ndiyo nzito. Gari linalokunywa lita 10 kwa wiki linatoa hewani karibu kilo 1,200 kwa mwaka, mwaka huu. Mche utachukua miongo kadhaa kuirudisha sehemu ya hiyo, endapo utamwagiliwa, hautaliwa na mbuzi, na hautakatwa. Panda, kwa kivuli, kwa maji na kwa udongo. Ila mti mkubwa uliokwishasimama una kaboni tayari, na kuuacha usikatwe ni kazi isiyopigiwa picha.

"Makampuni mia moja ndiyo yanachafua, mimi ni nani?"

Takwimu yenyewe ni halisi. Ripoti ya 2017 ilionyesha kwamba wazalishaji 100 wanahusishwa na asilimia 71 ya gesijoto za viwandani tangu 1988. Wengi huishia hapo. Wazalishaji hao ni wachimbaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na takriban asilimia 90 ya gesi hizo hutoka pale bidhaa zao zinapochomwa na wanunuzi: mitambo ya umeme, viwanda, ndege, gari langu na lako. Hili haliwasafishi. Ni kampuni ya mafuta ya BP iliyolitangaza sana wazo la kila mtu kupima alama yake ya kaboni, yaani kiasi cha gesi hizo anachosababisha yeye mwenyewe, ikaweka kikokotoo chake mtandaoni mwaka 2004, na ni rahisi kuona ilikuwa inamwelekezea nani kidole. Lakini mafuta yasiyonunuliwa hayachimbwi kwa muda mrefu.

Tena mtu mmoja habaki mmoja. Mwaka 2012 Bryan Bollinger na Kenneth Gillingham walichunguza nyumba zilizofungwa paneli za jua California. Paneli zilipoongezeka katika eneo, uwezekano wa nyumba nyingine za hapo kufunga za kwao ulipanda pia. Majirani waliziona juu ya paa.